Kwenda milima ya India kwa pumzi ya mzee wetu

Karatasi ya programu ilikuwa nzuri kwa macho: picha ya mlima mweupe wa theluji, ziwa la bluu, na siku zimepangwa moja chini ya nyingine. Ajensi moja ya mjini ndiyo ilitutengenezea. «Siku ya 1: kufika Delhi. Siku ya 2: ndeke mpaka Leh. Siku ya 3: gari mpaka kwenye ziwa.» Tulikuwa watu 9 ndani ya chumba cha sendika, siku ya posho, nyuma ya saa za kazi. Karatasi ilizunguka mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa mzee wetu, ambaye alifanya miaka 31 chini ya udongo mbele ya kupata pansheni. Alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akauliza: «Hii Leh, iko juu namna gani?»

Hakuna aliyejua. Kijana mmoja akatafuta kwenye telefone: mita 3500. Lubumbashi yetu iko kwenye mita 1200 na kitu, Kolwezi inapita kidogo 1400. Mzee hakusema neno. Alirudisha karatasi kwenye meza, akakohoa, akatoka inje kutafuta hewa. Bibi yake akatugeukia: «Baba delege, munajua kifua yake. Munataka tumurudishe mu sanduku?»

Ile siku ndiyo tulianza kupanga safari ya kweli. Tunaandika hapa namna tulivyoipanga, sababu tunajua hatuko peke yetu. Familia nyingi za wafanyakazi wa mine ziko na mtoto anayesoma Punjab ao Haryana, na wengine wanaenda Delhi juu ya kutibiwa. Tikiti ya ndeke ni pesa ya miezi mingi. Ukifika kule mara moja, labda hautarudi tena. Ni haki ya mfanyakazi naye kuona kitu cha dunia, si kuona paka koridoo ya lupitalu na mlango wa universite.

Kwa nini India, kwa nini milima

Katika kundi letu watoto 4 wanamaliza masomo Punjab mwaka huu. Mmoja ni mjukuu wa mzee, yeye alimlea tangu mama yake kufa. Tulianza likelemba miaka miwili nyuma, kila mwisho wa mwezi, na mama mmoja wa kwetu ndiye alichunga daftari. Mwanzoni tulifikiri tu kwenda kuona watoto wanavaa kanzu na kofia, kupiga picha, kurudi. Lakini watoto wenyewe walituandikia: «Baba, toka hapa mpaka ku mulima ni saa chache tu. Musirudie bila kuona.»

Na sisi tulikuwa na sababu yetu. Mwezi wa 11 mwaka 2023 redio zilikuwa zikituambia habari ya tuneli ya Silkyara, kaskazini ya India, katika milima ya Uttarakhand. Tarehe 12 udongo ulianguka, ukafunga wafanyakazi 41 ndani. Kwa siku 17 waliishi kule gizani, chakula kinapitishwa ndani ya bomba. Mashine kubwa ilitoboa udongo mpaka ikavunjika, imebakia mita 12 hivi. Ndipo walipowaita wachimbaji wa mikono, wale wanaozoea kuchimba vishimo vyembamba vya makaa ya mawe, kazi ambayo korti ya mazingira ya India ilikuwa imeikataza tangu mwaka 2014. Waliingia ndani ya bomba wamelala kwa tumbo, wakachimba kwa vyombo vya mkono, wenzao wakivuta udongo nyuma. Tarehe 28 watu wote 41 walitoka wazima.

Hapa kwetu watu walilia karibu na redio. Nani hapa hajui kungojea mtu pa mudomo wa shimo? Na tulilia tena miezi mitatu nyuma yake, tuliposikia kwamba nyumba ya mmoja wa wale wachimbaji imebomolewa Delhi, serikali ikisema ilijengwa kwenye kiwanja chake. Basi tulisema: kama tunaenda India, tutaangalia ile milima kwa macho ya watu wanaojua ni nini kutoboa jiwe. Silkyara yenyewe haiko kwenye njia yetu, lakini milima ni ile ile ya Himalaya, na njia yetu inapita kwenye tuneli zingine.

Kifua kwanza

Watu wengi wanapanga safari wakianza na bei. Sisi tulianza na mapafu. Katika watu 9, wanaume 4 walifanya kazi ndani ya vumbi la mawe zaidi ya miaka 15. Vumbi lenye silika likiingia ndani ya pafu halitoki. Linaacha kovu, na pahali penye kovu hapajazi tena hewa. Ile ndiyo silikozi, na hakuna dawa ya kuifuta. Mtu anaweza kuishi nayo vizuri kwetu huku chini, anaenda sokoni, anaenda kwenye misa, anadanganya watu kwamba hana kitu. Mlima haudanganywi.

Kwenye mita 3500 kifua kinapata kwa kila pumzi karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu wa pwani anapata. Hata kijana mzima anayefika pale kwa ndeke kutoka Delhi, mji ulio kwenye mita 200 na kitu, anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Ikizidi, maji yanajaa ndani ya mapafu, na hapo dawa ya kwanza ni kumshusha mara moja. Waganga wanasema: ukipita mita 3000, usiku wa leo usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulilala jana. Ajensi yetu ilitupandisha mita 3300 kwa saa moja na nusu!

Kuna kitu kingine hatukukijua: ndeke yenyewe ni mlima. Hewa ndani yake inawekwa sawa na mtu aliyesimama kwenye mita 1800 mpaka 2400. Kwa hiyo mwenye kifua kibovu anapaswa kuonana na munganga mbele ya kununua tikiti.

Tulipeleka wanaume wote 4. Munganga alimpulizisha mzee ndani ya chombo, kisha akamtembeza dakika 6 kwenye koridoo, na kile kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni ya damu. Akaandika karatasi: ndeke anaweza, kulala kwenye mita 2000 na kidogo anaweza, kama anapanda polepole na hapewi mizigo, kulala Leh, hapana. Na akaandika namba: kidude kikionyesha chini ya hii namba, mzee hapandi tena, anashuka.

Jetoni kwenye ubao

Tuliporudi na ile karatasi, mambo hayakuwa rahisi. Kijana wetu alikuwa ametia moyo wake kwa Leh, kwenye nyumba za watawa wa Buda zilizojengwa juu ya mawe, na ile barabara ya magari inayopita juu ya mita 5000. Akasema wazi: «Baba delege, shiye tulilipa likelemba sawa na bengine. Mzee abaki Delhi, tutamukuta pa kurudia.»

Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa ni kukubali nusu. Mzee mwenyewe ndiye alijibu: «Mutoto anasema haki. Mi nitafika paka ku Punjab, nimuone mujukuu wangu na kanzu yake, kiisha nirudie. Ku mulima muende beye benye nguvu.»

Ndipo mama wa daftari akaweka kalamu chini. Bwana yake alikufa ndani ya mine, tunamjua wote. Akasema: «Ku shimo, jetoni moja ikikosa ku tablo, poste inarudia ku nyumba?»

Hakuna aliyejibu, sababu jibu tunalijua. Asubuhi kila mtu anachukua jetoni yake kwenye ubao, anashuka. Jioni anairudisha. Moja ikikosa, hakuna anayevua kasike. Hatuulizi kama yule aliyekosa ni mwenye nguvu ao ni muzee. Tunarudi kumtafuta. Tukakata shauri pale pale: safari itaenda kwa mwendo wa mwenye pumzi fupi. Leh tukaiondoa. Kijana alikasirika siku tatu, kiisha akaja yeye mwenyewe na karta ya India, akatuonyesha milima ambayo mzee anaweza kulala.

Ajensi ilikataa kuturudishia avansi yote, tulipata nusu. Ile nusu iliyopotea tunaiita pesa ya masomo.

Wakati gani wa mwaka

Kaskazini ya India iko na mvua kubwa toka mwezi wa 7 mpaka katikati ya mwezi wa 9. Mwezi wa 8 mwaka 2023, karibu na mji wa Shimla, mlima uliteremka, ukabeba udongo chini ya reli, na reli ikabakia inaning'inia hewani sawa kamba ya nguo. Mwezi wa 5 na wa 6 jua la Delhi linapita digrii 40. Toka mwisho wa mwezi wa 10 na mwezi mzima wa 11, wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma majani ya mpunga, moshi unachanganyika na wa magari na viwanda, na hewa ya Delhi inakuwa moja ya hewa chafu kabisa duniani. Mwenye mapafu yetu asipite pale wakati ule kama hana lazima.

Inabaki dirisha dogo: siku za mwisho za mwezi wa 9 mpaka katikati ya mwezi wa 10. Mvua imekwisha, moshi bado, theluji bado. Sherehe ya watoto nayo inaanguka mule mule. Mungu alitupangia.

Njia yenyewe, siku 16

Tunaruka Lubumbashi, tunabadilisha ndeke Addis Ababa, tunashuka Delhi. Saa za kule zinapita zetu kwa saa 3 na dakika 30. Siku mbili za kwanza ni za kupumzika na kutembea kidogo. Tutaenda paka pahali pamoja pakubwa: Qutub Minar, mnara wa mawe wa mita 73, ulioanzishwa miaka 800 nyuma. Lakini wanaume wa fonderi hawaendi juu ya mnara. Wanaenda juu ya nguzo ya chuma iliyo chini yake: mita 7, zaidi ya tani 6, miaka karibu 1600, imesimama mvuani na haijaliwa na kutu. Wataalamu wanasema ni fosforo nyingi ndani ya chuma ndiyo inatengeneza ngozi nyembamba ya kukilinda. Wafuaji wa zamani walitengeneza kile chuma kwa makaa na mikono. Mmoja wetu aliyefanya miaka 20 mbele ya tanuru anasema atakaa pale siku nzima.

Siku ya 4 ni Agra, kwenda na kurudi kwa treni, Taj Mahal. Musiende siku ya tano ya juma, ile ya swala ya Waislamu: wanafunga. Mfalme Shah Jahan alianza kuijenga mwaka 1632 juu ya kaburi la bibi yake Mumtaz Mahal. Watoto wetu wanatuambia kila mgeni anapiga picha ya mapendo. Sisi tutaangalia pia marmari yake nyeupe: ilichimbwa Makrana, Rajasthan, mbali zaidi ya kilometa 300, ikabebwa bila lori hata moja. Nyuma ya kila nyumba nzuri kuna karieri, na ndani ya karieri kuna watu ambao jina lao halikuandikwa.

Siku ya 5, treni ya saa 6 hivi mpaka Amritsar, mji mtakatifu wa Masikh. Hekalu lao la dhahabu liko katikati ya maji. Kila mtu anaingia: unavua viatu, unaosha miguu, unafunika kichwa, hata mwanaume. Na ndani kuna jiko ambalo linalisha watu makumi ya maelfu kila siku, bure, bila kuuliza dini wala kabila. Wote wanakaa chini kwenye mstari mmoja, tajiri na maskini, wanakula dengu na mikate. Wanaopika na kuosha sahani wengi ni watu wa kujitolea. Mama wetu wameisha kusema watakata vitunguu pale ndani kwa saa moja, wasile bure. Bukari hawatapata, lakini watoto wanasema wakati wa baridi Wapunjabi wanakula mkate wa unga wa mahindi na majani ya mboga yaliyopikwa mpaka yanakuwa laini. Basi tuko ndugu.

Dakika chache kwa miguu kutoka hekalu kuna pahali ambapo sisi watu wa sendika hatuwezi kupita bila kuingia: Jallianwala Bagh. Ni uwanja uliozungukwa na kuta za nyumba. Tarehe 13 mwezi wa 4 mwaka 1919 watu walikusanyika mule bila silaha, wengine juu ya sikukuu, wengine juu ya kulalamika sheria ya Waingereza. Jenerali Dyer aliweka askari wake pa mlango, akaamuru kupiga risasi bila kuonya, dakika 10 hivi. Wengine walijitupa ndani ya kisima. Serikali ya Waingereza ilihesabu wafu 379. Wahindi walihesabu zaidi ya 1000. Alama za risasi ziko mpaka leo kwenye ukuta.

Hatuhitaji mtu atueleze. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma juu ya mshahara walipigwa risasi vile vile, na Léonard Mpoyi akaanguka pale. Hesabu ya wafu wetu nayo mpaka leo watu hawalingani. Tutapeleka maua. Wahindi walichunga ukuta wao, wakaufanya masomo kwa watoto. Tukirudi tutauliza kwa nguvu: wetu uko wapi?

Siku ya 7 na ya 8 ni za watoto. Hapo hatupangi kitu kingine. Mzee ameshona suti.

Reli ya tuneli 102

Siku ya 9 tunaanza kupanda, na tunapanda kwa treni, sababu treni inaenda polepole na kifua kinapata wakati. Kutoka Kalka, mita 656, mpaka Shimla, kituo chake mita 2076, ni kilometa 96, na kale katreni kanazifanya kwa saa 5 ao zaidi. Reli yake ni nyembamba, upana wa milimita 762 tu. Ilifunguliwa mwaka 1903, na inapita ndani ya tuneli 102 na juu ya madaraja zaidi ya 800. UNESCO iliiandika mwaka 2008 kati ya mali za dunia.

Tuneli iliyo ndefu kuliko zote ni ya Barog, mita 1143. Watu wa kule wanasimulia hivi: enjinia mmoja Mwingereza, Barog, alianza kuchimba toka pande mbili za mlima, akitumaini wachimbaji watakutana katikati. Hawakukutana. Hesabu yake ilikuwa mbaya. Walimtoza faini ya rupia 1, na kwa haya akajiua. Wanasimulia tena kwamba tuneli ya pili ilipata njia yake kwa msaada wa mwenyeji mmoja, Bhalku, mtu wa mlima ambaye hakusoma, aliyekuwa anagonga mawe kwa fimbo na kusikiliza. Kila mchimbaji wa hapa aliyewahi kugonga paa la galeri kwa chuma mbele ya kuingia atamwelewa Bhalku. Jina la Barog liko kwenye kituo. Treni inasimama pale, watu wanakunywa chai.

Siku ya 10 tunapumzika Shimla. Kupumzika ni kazi iliyoandikwa kwenye programu yetu, si uvivu. Asubuhi na jioni kidude cha kidole kinazunguka kwa wote 9, si kwa mzee peke yake, asione haya.

Siku ya 11 ni barabara, saa 8 hivi, mpaka Manali. Njia inashuka kwanza kwenye bonde, kisha inapanda tena, na Manali iko karibu mita 2000, chini kidogo ya Shimla. Ndiyo sababu tuliichagua. Kule kuna hekalu la mama Hidimba, la mbao, la mwaka 1553, ndani ya pori la mierezi, na kijiji cha Vashisht chenye maji ya moto yanayotoka ndani ya jiwe. Na chini yake, Kullu, kuna sikukuu ya Dussehra inayoanza siku ambayo India ingine inamaliza yake: kwa siku 7 vijiji vinashusha miungu yao ya milimani, imebebwa kwa mabega, na ngoma na baragumu. Tarehe yake inahama kila mwaka kwa mwezi wa angani. Ikilingana na siku zetu, tutashukuru.

Siku ya 13 ndiyo siku ya kijana wetu. Juu ya Manali kuna tuneli ya Atal, kilometa 9, kwenye mita zaidi ya 3000, iliyofunguliwa tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2020. Mbele yake, theluji ilikuwa inafunga mlango wa Rohtang, mita 3978, na watu wa bonde la Lahaul walikuwa wanabakia wamefungwa miezi mingi, hata mgonjwa hapati njia. Wachimbaji walipofika chini ya mto Seri walikutana na jiwe lililovunjika na maji mengi yakimiminika ndani, na pahali padogo pale pakala miaka. Maji ndani ya galeri: hata hii hatuhitaji kuelezwa. Leo gari inapita ule mlima kwa dakika chache.

Tutapita, tutaangalia upande wa pili, tutarudi kulala Manali siku ile ile. Na mzee? Ataamka, atavaa kidude kwenye kidole, tutasoma namba na kuilinganisha na ile ya munganga, na munganga wa pale Manali ndiye atasema neno la mwisho. Namba ikiwa nzuri, na munganga akikubali, anapanda na sisi. Ikiwa mbaya, anabakia kwenye maji ya moto na bibi yake, na kijana ndiye amesema atabakia naye. Hatukumwomba. Alisema mwenyewe.

Siku tatu za mwisho ni za kushuka mpaka Delhi, na kurudi.

Karatasi na pesa

Kwa wanaotaka kufuata, tunaweka hapa yale tuliyojifunza. Viza mwombe mapema, na jina kwenye pasporti lilingane na jina kwenye karatasi zote. Karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa mtu anayetoka Congo. Sindano inaanza kuhesabiwa nyuma ya siku 10, na asiye na karte wanaweza kumfungia mpaka siku 6 mbele ya kumwacha aingie. Tikiti za treni zinafunguliwa siku 60 mbele, na za Kalka zinaisha haraka. Dawa mbebe mkononi, na karatasi ya munganga, si ndani ya mizigo ya chini. Dola ziwe safi, rupia mtabadilisha kule. Nguo: Delhi shati, Manali koti.

Kwa pesa, tuliweka sanduku la kushuka. Ni pesa ya gari na ya lupitalu kwa mtu atakayeshindwa njiani, na pa kumfuata mwenzake mmoja. Hakuna anayeigusa kwa kununua sari. Ikibaki, itarudi kwenye likelemba kwa familia itakayofuata. Na kwa wanaume waliofanya kazi ndani ya vumbi, tunaomba mpimwe kifua hata kama hamuendi India. Karatasi ya munganga itakusaidia kwenye safari, na itakusaidia zaidi siku utakayodai haki yako.

Tumetengeneza jetoni 9 za kibati, kila moja na namba. Mama wa daftari ndiye atachunga ubao. Asubuhi mtu atachukua yake, jioni atairudisha, Delhi, Amritsar, Shimla, Manali, kila siku mpaka tufike tena Luano. Mzee alichukua namba 1. Alisema ndiyo namba aliyokuwa nayo siku aliyoshuka mara ya kwanza, akiwa kijana, na kifua kizima.